Kiboksi cha Tarehe Tisa

Sajini hakuwa na bastola. Hakuwa na gari, wala simu ya kupigia picha, wala msaidizi wa kumbebea mkoba. Hakuwa na ofisi. Alipewa meza moja chini ya ngazi za hospitali, na kila aliyepanda ghorofani alimkanyagia juu ya utosi. Hakuwa na shahada ya chuo chochote. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo tangu siku mwizi mmoja wa baiskeli alipomkaribisha kwa ngumi. Na Ijumaa hiyo, tarehe kumi na mbili, kubwa kuliko yote, hakuwa na muda.

Alichokuwa nacho kilienea ndani ya mkoba mmoja: miwani ya kusomea, rula, chupa ya gundi, bahasha tatu, na daftari kuukuu alilolitumia ujanani katika shule ya jioni ya watu wazima. Kurasa za nyuma za daftari hilo zilikuwa bado tupu, naye hakuona sababu ya kununua jipya.

Alistaafu polisi akiwa na cheo hicho hicho ambacho watu walikigeuza kuwa jina lake. Hospitali ilimchukua ili achunguze malalamiko, na kwa mwaka mzima alichunguza mashuka yaliyopotea na ndoo zilizohama wodi. Safari hii alikabidhiwa maisha ya mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Jumatatu, tarehe nane, saa sita mchana, bibi mmoja mgonjwa wa sukari alilazwa wodi ya wanawake, kitanda namba saba. Jumanne, tarehe tisa, saa tatu asubuhi, alikutwa hajitambui, sukari imeshuka mno. Walimtundikia maji ya sukari, akafumbua macho, akauliza nani amechukua kandambili zake. Alipona. Lakini bibi nusura afe, na lazima mtu aulizwe.

Aliyeulizwa ni daktari wa mafunzo, binti wa miaka ishirini na sita aliyebakiza miezi miwili kumaliza mwaka wake wa mazoezi. Wagonjwa walimwita Kalamu, kwa sababu alichomeka kalamu kwenye nywele, kisha akaisahau, akachomeka nyingine. Kalamu alieleza kwamba alimchoma bibi sindano ya insulini, ya kushusha sukari, alfajiri ya tarehe tisa, kipimo sahihi, yuniti kumi. Kadi ya dawa ilisema vingine. Kadi ina viboksi, kila siku na kiboksi chake, na sahihi ya Kalamu ilikaa kwenye kiboksi cha tarehe nane. Kiboksi cha tarehe tisa kilikuwa na sahihi ya muuguzi mkuu wa wodi, aliyemchoma bibi saa moja asubuhi. Kwa kadi hiyo bibi alipata sindano moja kila siku, kama inavyotakiwa. Basi kwa nini azimie? Jibu la wakubwa likawa fupi: Kalamu alizidisha kipimo tarehe nane, na sasa anatunga hadithi ya alfajiri.

Baraza la mafunzo lingekaa Jumamosi asubuhi. Likiamini jibu hilo, Kalamu angefutwa udaktari kabla hajauanza. Tarishi wa Baraza angepita kuchukua ripoti saa kumi jioni. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo asubuhi.

"Ukurasa mmoja unatosha," Mganga Mkuu alikuwa amemwambia Sajini. "Wewe andika tu kile karatasi zinachosema."

"Nitaziuliza, mkubwa," Sajini alijibu.

*

Alianza na rejista ya zamu. Ilikuwa safi kama daftari la mtoto siku ya kwanza ya shule. Kwa mujibu wake, tarehe nane Kalamu aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa moja jioni. Zamu ya usiku ilichukuliwa na daktari mwenzake wa mafunzo, kijana aliyeitwa Miwani. Kalamu akarudi tarehe tisa saa moja asubuhi.

Sajini aliandika nyuma ya daftari: *Kama alikuwa kwao amelala, nani alichoma sindano alfajiri?*

Alimkuta Miwani kwenye ukumbi, amepanga foleni ya kunawa mikono. Mbele yake hapakuwa na mtu.

"Kijana," Sajini alisema, "unamsubiri nani?"

Miwani alishtuka. "Shikamoo, Mzee. Nasubiri... nilidhani kuna mtu."

"Marahaba. Bomba lako hilo hapo. Usiku wa kuamkia Jumanne ulikuwa wodi ya wanawake?"

"Ndiyo," Miwani alijibu haraka. Mno. "Rejista si inasema?"

"Rejista nimeshaisikia. Wewe nakusikia sasa."

"Nilikuwepo."

"Basi wewe ndiye uliyemhudumia bibi wa kitanda cha saba alfajiri."

Kijana alifungua bomba, akanawa, akalifunga, akasahau, akalifungua tena. Sajini alianza kuona njia. Huyu alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huwa ameficha kitu. Huenda yeye ndiye aliyechoma sindano mara ya kwanza, na Kalamu anambebea msalaba.

"Nitakwenda kukutafuta chumba cha upasuaji," Sajini alisema, akibahatisha. "Kule wanaandika majina ya wote walioingia."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa koti. Bila miwani alionekana mtoto wa sekondari. "Utanikuta kule, Mzee. Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ajali ya lori. Nilishika kitu kimoja tumboni mwa mtu kwa saa mbili bila kubadilisha mkono."

"Kumbe wodi ya wanawake hukufika."

"Sikufika."

"Na rejista?"

"Rejista anajaza karani, mwanzo wa mwezi. Mwezi mzima kwa siku moja. Sisi tunaitwa tunatia sahihi. Baraza linataka saa kumi na mbili kwa zamu, kwa hiyo wanapewa saa kumi na mbili." Alirudisha miwani puani. "Ukweli tuko wanne, Mzee. Wodi ni sita. Piga hesabu mwenyewe, mimi leo hata kujumlisha siwezi."

Sajini aliteremka chumba cha upasuaji kuhakikisha. Jina la Miwani lilikuwepo, saa kwa saa. Njia aliyoiona ikafutika. Hakusikitika sana, alishampenda yule kijana tangu kwenye foleni ya mtu mmoja.

*

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake aliitwa Mama Wodi na kila mtu, hata na Mganga Mkuu aliyelingana naye umri. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye viatu visivyotoa sauti, naye kalamu yake ilifungwa mezani kwa bendeji ili isitembee.

"Kaa, Sajini, lakini usikae sana," alisema. "Sindano ya pili niliichoma mimi, kwa mkono huu. Kama ni kufukuza, waanze na mimi."

"Uliangalia kadi?"

"Mara mbili. Kiboksi cha tarehe tisa kilikuwa kitupu. Cha tarehe nane kina sahihi ya mwanangu Kalamu. Nikasema aah, jana walimchoma alipolazwa, leo ni zamu yangu."

"Kwa hiyo hukukosea."

"Usinifariji. Kosa gani hilo ambalo hakuna aliyekosea, na mgonjwa bado akazimia?"

Sajini alipenda swali hilo, akaliandika.

"Alfajiri ile mwanao alikuwepo humu?"

"Mimi naingia saa moja. Nilimkuta hapo kwenye kiti, anaandika. Nikamwambia nenda kalale. Akaniambia, 'Saa moja ndiyo naanza, Mama.'" Mama Wodi alinyoosha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka. "Nilidhani ananitania. Nikacheka, Sajini. Nilicheka."

Bibi wa kitanda cha saba alikuwa ameegemea mito, kandambili zake kifuani, zimefungwa kwenye mfuko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye polisi?"

"Nilikuwa."

"Ukikaa vizuri utakuwa tena. Unamtafutia nini mtoto wangu?"

"Bibi, tangu ulazwe, yule binti alikuchoma sindano lini?"

"Alfajiri. Alfajiri ya kwanza niliyolala humu. Mchana ule nilipoletwa walinitoa damu tu, wakanipa kitanda. Sindano ni alfajiri, jogoo wa huko nje ameshaanza fujo zake. Akanichoma hapa. Halafu akanishika mkono anihesabie mapigo, huku anaangalia saa yake." Bibi alinyoosha mkono mwembamba, akauonyesha kana kwamba ule mkono bado una kitu. "Akalala."

"Akalala wapi?"

"Hapo hapo, ameketi. Kichwa kwenye godoro, kanishika mkono. Basi mimi nikatulia tuli. Ningetikisika angeamka. Nikamhesabia mwenyewe mpaka mia tatu, nikachoka. Nikamvutia na kona ya blanketi."

"Alilala muda gani?"

"Mfupi. Aliamka akasema, 'Samahani, Bibi, sabini na nane.' Nikamwambia ni sawa kabisa."

Mama Wodi aligeukia dirishani, akapenga kamasi.

*

"Ushahidi wa bibi," Mganga Mkuu alisema saa saba mchana, "ni ushahidi wa mgonjwa ambaye sukari yake ilikuwa juu, kisha chini. Baraza litacheka. Niletee karatasi."

Sajini alirudi chini ya ngazi. Watu walipanda na kushuka juu ya kichwa chake. Alitaka kuandika, akafungua daftari upande usio wake, mbele badala ya nyuma, na mbele yake ukatokea mwandiko wa askari kijana aliyekuwa akitoka lindo moja kwa moja mpaka darasani. Sehemu ya imla. Juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika: *Tarehe! Leo ni Alhamisi.*

Alifunua ukurasa mwingine. *Tarehe! Umeandika ya jana.* Alifunua wa tatu. *Jana tena. Unalala lini wewe?*

Sajini alivihesabu vile vikumbusho vyekundu kwa rula, mstari kwa mstari. Vilikuwa kumi na kimoja katika muhula mmoja, na vyote viliangukia siku alizotoka lindo la usiku kucha na mchana wake. Siku alizolala kwao, tarehe zilikuwa sawasawa.

Akafunga daftari, akasimama haraka mpaka akagonga kichwa kwenye ngazi.

Kwa mtu aliyelala, siku mpya huanza anapoamka. Asiyelala hana pa kuianzia. Anaendelea na ile ile aliyoamka nayo, na mkono wake unaandika tarehe hiyo hiyo, kwa uaminifu kabisa. Kalamu alikuwa ameamka tarehe nane. Alfajiri ya tarehe tisa ilipofika, kwake ilikuwa bado ni tarehe nane, imerefuka tu. Kiboksi alichokitafuta kilikuwa cha leo yake.

Hiyo ilikuwa dhana. Mganga Mkuu alitaka karatasi.

Fundi wa maabara alikuwa mtu mkimya aliyependa mhuri wake kuliko watu. Kila fomu ya damu iliyopita dirishani kwake aliigonga tarehe na saa ya kuipokea.

"Nipe fomu zote zilizoletwa kutoka wodi ya wanawake, Jumanne, kuanzia usiku wa manane mpaka asubuhi," Sajini alisema.

"Zote?"

"Zote. Na usizipange."

Zilikuwa tano, zote kwa mwandiko wa Kalamu. Sajini alizilaza mezani, akaweka rula chini ya tarehe ya kwanza. Kalamu: tarehe nane. Mhuri: tarehe tisa, saa nane usiku. Ya pili: nane, mhuri, tisa, saa tisa. Ya tatu, ya nne, vile vile. Ya tano ilikuwa na jina la bibi wa kitanda cha saba. Kalamu: tarehe nane. Mhuri: tarehe tisa, saa kumi na moja na nusu alfajiri.

"Mhuri wako huu," Sajini aliuliza, "umewahi kusinzia?"

"Naubadilisha mwenyewe kila ikifika saa sita ya usiku," fundi alisema, akionekana kuguswa. "Kengele yangu inalia. Hajawahi kuniuliza mtu."

"Leo umeulizwa."

*

Saa tisa alasiri walikuwa wanne ofisini kwa Mganga Mkuu: mwenye ofisi, Sajini, Mama Wodi ambaye hakuitwa, na Kalamu aliyetokea wodini na kalamu tatu kichwani. Hakuwa amesimamishwa kazi. Wangemsimamisha, nani angeshika wodi?

Sajini aliweka fomu tano mezani na kadi ya dawa kando yake. Alieleza bila haraka. Alipomaliza, Mganga Mkuu alivuta fomu moja baada ya nyingine mpaka karibu na macho yake.

"Kwa hiyo alikuwa wodini," alisema.

"Tangu saa moja ya asubuhi ya Jumatatu. Sindano moja, kipimo sahihi, kiboksi cha jirani. Mama Wodi akaona kiboksi kitupu akafanya kazi yake. Sindano mbili ndani ya saa mbili."

Kalamu alikuwa ameshika ukingo wa kiti. "Mimi nilishaanza kuamini nilizidisha," alisema taratibu. "Wakiniuliza nakumbuka nini, naona mkono wangu unachoma, lakini sioni siku. Nilikuwa nije leo nikubali tu. Nikubali yaishe."

"Ungekubali uongo, mwanangu?" Mama Wodi aliuliza.

"Nilichoka kubishana, Mama."

"Sasa andika," Sajini alisema, akimsogezea karatasi. "Baraza lisikie kwako. Lakini andika unachokijua, si unachokiogopa."

Kalamu alipapasa mfukoni, akatazama chini ya kiti. Mama Wodi alinyoosha mkono, akachomoa moja kichwani mwake, akampa. Binti akaandika. Aliandika kwamba alichoma yuniti kumi, kwamba alitia sahihi kwenye kiboksi kisicho chake, kwamba kosa hilo ni lake, na kwamba anamwomba bibi msamaha. Mistari sita. Akatia sahihi, akaweka tarehe.

Mganga Mkuu alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. "Sajini, hizi fomu zikienda Baraza, rejista yangu inakuwa uongo."

"Inakuwa."

"Sisi tulikesha saa arobaini. Hatukufa."

"Nasikia hivyo, mkubwa. Na wagonjwa wenu?"

Nje mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu bovu, sauti ikapita, ikaisha. Mganga Mkuu alirudi mezani, akafungua droo ya chini kabisa, akatoa nakala ya barua iliyokunjika pembe.

"Hii niliwapelekea mwaka juzi," alisema. "Naomba madaktari sita. Hawakunijibu. Nikamwambia karani ajaze rejista wanavyotaka wao, tusifungiwe hospitali. Karani hana kosa. Andika kwamba ni amri yangu, halafu utie na hii ndani."

"Nitaandika hivyo hivyo."

"Andika na kwamba huyu mtoto ni daktari mzuri." Alikohoa. "Hilo si la upelelezi, lakini andika."

Sajini alichukua maelezo ya Kalamu ayakunje. Akasimama. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akavaa miwani, kisha akamtazama binti.

"Uliingia kazini lini?"

"Asubuhi, Mzee. Saa moja."

"Asubuhi ya lini?"

Kalamu alifungua mdomo, akaangalia saa yake ya mkono kana kwamba ingemsaidia. Mama Wodi alichungulia karatasi juu ya bega la Sajini. Chini ya sahihi, kwa mwandiko mzuri ulioanza kuteremka, iliandikwa: tarehe kumi na moja.

"Jamani," Mama Wodi alisema. "Lete nimrekebishie."

"Usiiguse," Sajini alisema.

Alichukua kalamu yake mwenyewe na kuandika pembeni, kwa herufi za shule ya jioni, kubwa na zilizosimama wima: *Imeandikwa mbele yangu, Ijumaa tarehe kumi na mbili, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Mwandishi yuko kazini tangu jana saa moja asubuhi.* Akatia sahihi. Mganga Mkuu akaisoma, akaomba kalamu, naye akatia yake chini.

"Sasa nenda kalale," Mganga Mkuu alimwambia Kalamu.

"Wodi je?"

"Wodi nitashika mimi. Mama Wodi atanifundisha."

"Nitajitahidi," alisema Mama Wodi, "ingawa mwanafunzi amekomaa."

Kalamu alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Mama Wodi alimshika bega akamtoa nje, akimwambia kwamba bibi wa kitanda cha saba amekataa kumpa mtu mwingine mkono apimwe mapigo, na kwamba atasubiri hadi kesho.

Sajini aliteremka mpaka kwenye meza yake chini ya ngazi. Aliandika barua ya kurasa mbili, akaambatisha kadi ya dawa, fomu tano za maabara, barua ya mwaka juzi, na juu ya vyote maelezo ya mistari sita. Akaingiza katika bahasha kubwa, akapaka gundi ukingo mzima, akabandika, akapitisha rula juu yake mara mbili ili pasibaki upenyo.

Tarishi wa Baraza alifika saa kumi kasoro dakika mbili, kofia ya pikipiki mkononi, daftari la kupokelea barua kwapani. Alilifungua mezani, akalamba ncha ya kidole, akatafuta mstari mtupu.

"Mzee," alisema, "leo tarehe ngapi?"

Sajini aliinuka, akaenda hadi kwenye kalenda ya ukutani, akaisoma kwa miwani, akairudia bila miwani, kisha akarudi.

"Kumi na mbili," alisema. "Andika taratibu."

Tarishi aliandika, akachukua bahasha, akatoka nayo.